Groggy: neno lililochotwa kwenye pipa la ramu

Groggy ni neno la mazungumzo katika Kiingereza, si la hotuba wala la barua ya ofisini. Humweleza mtu aliye macho lakini hajakaa sawa: kichwa kizito, macho hayajatulia, miguu haina uhakika, na ukimuuliza jambo anachelewa kidogo kujibu. Ukimwamsha mtu katikati ya usingizi mzito, ndivyo anavyokuwa. Akitoka chumba cha upasuaji na dawa ya usingizi haijaisha mwilini, ndivyo anavyokuwa. Bondia aliyepigwa ngumi ya kidevu na bado yuko wima, naye ni hivyo hivyo.

Kosa ninaloliona mara kwa mara kwenye tafsiri ni kulifanya neno hili liwe "kizunguzungu" au "kulewa". Kizunguzungu ni kuona nyumba inazunguka, na Kiingereza kina neno lake kwa hilo, dizzy. Kusinzia ni drowsy. Groggy iko upande wa pili wa usingizi: haimhusu sana mtu anayeelekea kulala, inamhusu anayejaribu kutoka huko na hajafika. Kiswahili kina neno linalolikaribia mno, nalo ni mawenge. Ameamka na mawenge, hajui saa wala siku, anavaa shati nje ndani. Huyo ni groggy kabisa. Tofauti ndogo iliyobaki ni kwamba mawenge yetu yako kichwani na machoni, ilhali groggy inabeba pia kupepesuka kwa miguu. Ina sababu. Lilianza kama neno la mlevi asiyeweza kusimama imara kwenye sitaha ya manowari, na ulevi huo tunaujua mpaka vipimo vyake.

Amri ya Port Royal

Katika karne ya 18, baharia wa Jeshi la Majini la Uingereza alikuwa na haki ya galoni nzima ya bia kwa siku. Haikuwa anasa. Maji yalihifadhiwa kwenye mapipa ya mbao, na baada ya wiki kadhaa yaliota utando wa kijani na kunuka. Bia ilistahimili kidogo zaidi, lakini kwenye joto la Karibi nayo iliharibika. Ramu haiharibiki. Waingereza walipoiteka Jamaica mwaka 1655, manowari za upande ule zilianza kugawa ramu badala ya bia, kwa kuwa ilipatikana hapo hapo na haikuchukua nafasi kubwa melini. Ilitengenezwa kwa molasi ya mashamba ya miwa, ambako Waafrika waliouzwa utumwani walifanyishwa kazi mpaka wakafa. Simulizi nyingi za grog, kinywaji cha ramu na maji kilichozaa neno groggy, huliruka jambo hili na kubaki na mabaharia wachangamfu. Mimi naona halipaswi kurukwa, maana bila mashamba yale hakukuwa na ramu ya kumgawia mtu.

Kanuni za jeshi hilo za mwaka 1731 zililinganisha vinywaji: galoni ya bia ilihesabiwa sawa na painti moja ya mvinyo, au nusu painti ya brandi, ramu au araki. Hapo ndipo balaa lilipoingilia. Nusu painti ya vipimo vya enzi hiyo ni kama mililita 237. Tukichukua nguvu ya ramu ya jeshi hilo kama ilivyokuwa katika miaka yake ya mwisho, yaani asilimia 54.5, tunapata mililita 129 hivi za alkoholi tupu. Chupa ya bia ya nusu lita yenye nguvu ya asilimia 5 ina mililita 25. Kwa hiyo kila baharia alipewa sawa na chupa tano na kidogo kila siku, ndani ya kikombe kimoja, na wengi waliimaliza kwa mkupuo. Baada ya hapo alitakiwa kupanda mlingoti.

Aliyeamua kulishughulikia ni Makamu Admirali Edward Vernon. Alikuwa tayari mtu mashuhuri: Novemba 1739 aliiteka bandari ya Porto Bello, katika Panama ya leo, kwa meli sita tu. Tarehe 21 Agosti 1740, akiwa ndani ya manowari Burford huko Port Royal, Jamaica, aliwaandikia manahodha wake amri. Ukiisoma leo unashangaa jinsi ilivyo wazi. Anasema desturi ya mabaharia kunywa ramu yao tupu, na mara nyingi yote kwa pamoja, inaharibu afya na tabia zao, na tena inawapumbaza akili. Halafu anatoa utaratibu.

Kila nusu painti ya ramu ichanganywe na robo galoni ya maji, yaani sehemu moja ya ramu kwa sehemu nne za maji. Kuchanganya kufanyike kwenye pipa moja lililotengwa kwa kazi hiyo, juu ya sitaha, mbele ya luteni wa zamu, naye ahakikishe hakuna baharia anayepunjwa haki yake. Mgawo utolewe mara mbili kwa siku: kati ya saa nne na saa sita mchana, kisha kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni. Na baharia anayejua kubana matumizi, akiweka akiba kwenye mgawo wake wa nyama ya chumvi na mkate, aweze kununua sukari na ndimu ili kinywaji kimpendeze zaidi.

Vernon hakupunguza hata tone moja la ramu. Kiasi ni kile kile. Alichobadilisha ni kasi. Nusu painti iliyokuwa inamezwa kwa mara moja sasa imekuwa lita 1.18 za kinywaji chenye nguvu ya asilimia 11 hivi, karibu na mvinyo wa mezani, na huwezi kumeza lita nzima kama unavyomeza kikombe. Kuigawa mara mbili nako kuna hesabu yake. Mwili wa mtu mzima huondoa takriban mililita 8 hadi 10 za alkoholi tupu kwa saa. Nusu ya mgawo ni mililita 64 hivi, na kati ya mgawo mmoja na mwingine zilipita kama saa sita. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya ramu ya asubuhi ilikuwa imeshatoka mwilini kabla ile ya jioni haijaingia. Vernon hakuwa na hesabu hii, alikuwa na macho tu, lakini saa alizozichagua ni nzuri mno. Jambo la tatu ni akiba: ramu tupu unaweza kuificha wiki nzima na kuinywa yote Jumamosi, ila ramu iliyokwisha kuchanganywa na maji huchuja na kupoteza ladha. Haifichiki kwa faida.

Ndimu zile ziliwekwa kwa ajili ya ladha. Daktari wa meli James Lind alifanya jaribio lake la matunda jamii ya limau dhidi ya kiseyeye mwaka 1747, miaka saba baadaye, na jeshi lilikubali kugawa maji ya limau rasmi mwaka 1795 tu. Kwa hiyo anayesema Vernon alibuni grog ili kuzuia kiseyeye amepachika sababu ya baadaye kwenye amri ya mwanzo.

Joho la admirali

Mabaharia hawakuifurahia amri ile, wakakipa kinywaji jina la aliyeitoa. Vernon alizoea kuvaa joho la kitambaa kiitwacho grogram, na kwa ajili hiyo mabaharia walimwita Old Grog, mzee Grog. Grogram yenyewe ni matamshi ya Kiingereza ya maneno ya Kifaransa gros grain, yaani punje nene, kwa maana ya kitambaa kisicho laini. Ni kitambaa kikavu na kigumu cha hariri iliyochanganywa na sufi na manyoya ya mbuzi, ambacho mara nyingi kilipakwa gundi ili kisimame na kuzuia maji. Mtu anayeshinda juu ya sitaha ya meli ana kila sababu ya kukivaa. Kitambaa chenyewe hakivaliwi tena, lakini jamaa yake bado yuko madukani: ule utepe mgumu wenye matuta madogo ya kukata upande, unaofungwa kwenye kofia na kwenye medali, Waingereza huuita grosgrain mpaka leo.

Ushahidi wa habari hii ni mzuri kuliko wa asili za maneno mengi ya mtaani. Mwaka 1781, daktari wa meli Thomas Trotter aliandika shairi akiwa ndani ya manowari Berwick, na humo anasimulia kwamba joho takatifu la Vernon liliroweshwa katika bakuli la mabaharia wa Burford, na kutoka hapo grog ikapata jina lake. Ni mzaha wa kishairi, ila unaonyesha kwamba miaka 41 baada ya amri, watu wa jeshi lenyewe walikuwa wanalihusisha neno na joho.

Kuna maelezo mengine yanayosambaa sana, kwamba GROG ni herufi zilizochomwa kwenye mapipa ya ramu ya Mfalme George wa Tatu kutoka Grenada. Si kweli. George wa Tatu alirithi ufalme mwaka 1760, na Grenada ilikuwa ya Wafaransa mpaka Waingereza walipoiteka mwaka 1762, miaka 22 baada ya amri ya Port Royal. Zaidi ya hayo, Kiingereza cha karne ya 18 hakikuwa na tabia ya kuunda maneno ya kawaida kwa kukusanya herufi za mwanzo. Hiyo ni tabia iliyoshika katika karne ya 20. Ukisikia neno la zamani la Kiingereza linaelezwa kwa njia hiyo, anza kwa kutoamini.

Tangu mwaka 1756 mchanganyiko ukawa desturi ya jeshi zima, na historia yake inayobaki ni ya kupunguza. Mwaka 1824 mgawo ulikatwa nusu na ule wa jioni ukaondolewa. Mwaka 1850 ukakatwa nusu tena, ukabaki moja ya nane ya painti, mililita 71. Maofisa waliondolewa kwenye mgawo mwaka 1881. Manowari London, iliyotia nanga Zanzibar miaka ya 1870 kama kituo cha doria dhidi ya biashara ya watumwa, ilikuwa chini ya mgawo huu mdogo.

Utaratibu wa miaka ya mwisho unastahili kutazamwa kwa karibu. Asubuhi filimbi ilipulizwa kutangaza ugawaji. Chumba cha pombe kilifunguliwa mbele ya ofisa, ramu ikapimwa kwa idadi ya watu siku hiyo na kufungiwa. Karibu na adhuhuri ilimiminwa kwenye pipa kubwa la mwaloni lililofungwa kwa mikanda ya shaba, lenye herufi za shaba zinazomwombea mfalme au malkia baraka za Mungu. Mabaharia wa vyeo vya juu wasio maofisa waliipata tupu. Wengine waliipata kwa sehemu mbili za maji kwa moja ya ramu, jumla mililita 213 zenye nguvu ya asilimia 18. Mwenye umri chini ya miaka 20 hakupewa. Asiyetaka kunywa alilipwa peni 3 kwa siku. Mchanganyiko uliobaki ulimwagwa baharini mbele ya ofisa. Bunge la Uingereza lilijadili suala hili tarehe 28 Januari 1970, na mgawo wa mwisho ulitolewa tarehe 31 Julai mwaka huo. Hoja ya wakubwa wa jeshi ilikuwa kwamba mtu anayeendesha mitambo tata ya kisasa hawezi kuwa na pombe kichwani mchana. Ni hoja ile ile ya Vernon ya kupumbazwa akili, imengoja miaka 230.

Kutoka kwa mlevi hadi kwa bondia

Kiingereza hupachika -y kwenye jina la kitu ili kupata sifa: mchanga ukiwa sand, penye mchanga ni sandy. Grog ikazaa groggy kwa njia hiyo, mwenye grog ndani yake. Mwaka 1770 gazeti la Gentleman's Magazine la London lilichapisha orodha ya maneno ya kumwita mlevi, na groggy imo, na maelezo kwamba ni usemi wa visiwa vya Karibi, ambako ramu na maji bila sukari huitwa grog. Hivyo ndani ya miaka 30 neno lilikuwa limeshuka kutoka melini, likavuka bahari na kuingia kwenye gazeti la mji mkuu.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyolipa maana ya leo, na ilipitia kwa farasi. Katika miaka ya 1820 watu wa farasi walimwita groggy mnyama mwenye maumivu ya miguu ya mbele, anayekanyaga kwa kusitasita na kuyumba. Farasi hajanywa kitu. Kilichochukuliwa kwa mlevi ni mwendo wake tu. Miaka michache baadaye, katika miaka ya 1830, neno limeshaingia ulingoni.

Ndondi za wakati ule zilipiganwa kwa ngumi tupu, bila glovu. Raundi haikuwa na dakika. Iliisha mtu akianguka. Kwa kanuni za London za mwaka 1838, baada ya kuanguka bondia alipewa sekunde 30 za kupumzishwa na wasaidizi wake, halafu sekunde nane za kutembea mwenyewe, bila kushikwa, mpaka kwenye mstari uliochorwa katikati ya ulingo. Akishindwa kufika, ameshindwa pambano. Fikiria sekunde nane hizo: mtu amesimama, macho yako wazi, anajua anatakiwa kwenda wapi, na miguu haitaki. Watazamaji walihitaji neno la hali ile, na la mlevi lilikuwa tayari mdomoni.

Ni kwa njia ya ndondi pia neno hili liliingia katika Kifaransa, ambako être groggy ni kuwa hoi baada ya pigo au uchovu. Kijerumani nacho kinalo, kwa maana ya kuchoka kabisa. Wafaransa wana grog vilevile, lakini kwao ni kinywaji cha moto cha ramu, limau na asali kinachonywewa wakati wa mafua. Kwa hiyo msomaji wa Lubumbashi au Bujumbura aliyejifunza maneno haya kwa Kifaransa ajue kwamba mwenzake wa Nairobi aliyejifunza kwa Kiingereza hawazi ramu ya moto hata kidogo.

Ulevi wenyewe umekaribia kutoweka kwenye maana ya leo. Ukisema kwa Kiingereza kwamba fulani yuko groggy, msikilizaji atadhani amelala vibaya au amemeza dawa. Wazo la pombe litakuja mwisho. Ndiyo maana "kulewa" ni tafsiri mbovu. Woozy liko jirani yake, ni neno la Kimarekani la mwishoni mwa karne ya 19, lakini lina kichefuchefu ndani yake: mtu anahisi atatapika au ataanguka. Aliyetoa damu nyingi ni woozy. Aliyeamshwa saa tisa usiku ni groggy.

Mawenge ya kuamka

Matumizi makubwa ya neno siku hizi ni haya ya usingizi, na hapa kuna mambo ya kufanya. Ubongo hauwaki wote kwa mpigo. Sehemu za ndani zinazoshughulika na kukesha hurudi kazini ndani ya dakika chache, lakini sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayopima na kuamua mambo, huchukua muda mrefu zaidi. Kwa kawaida hali hii hudumu dakika 15 hadi 30, na mtu aliyekosa usingizi siku kadhaa inaweza kumkaa saa nzima au zaidi. Katika dakika hizo macho yanaona na mkono unashika, ila uamuzi ni mbovu. Muuguzi aliyeamshwa kupima dozi au dereva wa lori aliyeamshwa kando ya barabara anahitaji kujua hivyo kuliko mtu yeyote.

Ukali wake unategemea uliamshwa ukiwa wapi katika usingizi. Mtu mzima huingia usingizi mzito kama nusu saa baada ya kulala, na mzunguko mzima huchukua takriban dakika 90. Anayelala mchana dakika 50 huamshwa katikati ya kina, na huamka akiwa hoi kuliko alivyolala. Ndiyo asili ya malalamiko kwamba kulala mchana kunachosha. Kinachochosha ni muda mbaya. Weka kengele ya dakika 25, ukihesabu dakika tano za kupata lepe la usingizi, au kama una nafasi lala mzunguko mzima. Shirika la anga la Marekani, NASA, lilipowajaribu marubani wa safari ndefu, waliopewa nafasi ya dakika 40 walilala dakika 26 kwa wastani na wakawa macho zaidi kuliko wenzao ambao hawakulala.

Kahawa inywe kabla ya kujilaza. Kafeini huchukua kama dakika 20 hadi 30 kufanya kazi vizuri, kwa hiyo itakukuta unaamka. Ukiinywa baada ya kuamka, mawenge yatakuwa yanaisha yenyewe wakati inapoanza kushika. Mwanga mkali, kunawa uso kwa maji baridi na kutembea husaidia kiasi. Kubonyeza simu ili ilie tena baada ya dakika tisa huenda kusisaidie: unaweza kurudi usingizini na kuamshwa upya. Na anayeamshwa kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri, wakati joto la mwili liko chini kabisa, atarajie hali mbaya zaidi hata kama alilala kwa saa nyingi. Kama kuna kuendesha gari, nusu saa ipite kwanza.

Dawa ni chanzo cha pili. Vidonge vya zamani vya mzio na mafua, kama klorofeniramini ambayo watu wengi huijua kwa jina la Piriton, na difenihidramini iliyomo kwenye dawa nyingi za kikohozi, hupenya mpaka kwenye ubongo na kuzuia histamini, ambayo kule ubongoni ni moja ya vitu vinavyotuweka macho. Klorofeniramini hukaa mwilini muda mrefu. Kwa mtu mzima nusu ya dozi inaweza kuwepo bado baada ya saa 20 hivi. Anayeimeza saa nne usiku na kulalamika asubuhi kwamba kichwa hakifunguki hana ugonjwa mpya, ana dawa ya jana. Ukiongeza pombe juu yake, viwili hivyo vinasukuma upande mmoja. Dawa mpya zaidi za mzio, yaani loratadini na kwa kiasi fulani setirizini, hazipenyi sana ubongoni. Mfamasia ukimweleza kwamba unaendesha bodaboda au mashine atajua la kukupa.

Matumizi ya tatu ndiyo yanayohitaji mtafsiri makini. Vituo vya Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa vya Marekani, kwenye orodha ya dalili za mtikisiko wa ubongo kwa wanamichezo, vinaweka maneno manne kwenye mstari mmoja: sluggish, hazy, foggy, groggy. Nimeona mstari huo ukigeuzwa kuwa "uchovu na kizunguzungu", na mchezaji aliyegongwa kichwa akiulizwa kama ana kizunguzungu atajibu hapana, kwa ukweli kabisa, arudishwe uwanjani. Ningeuandika hivi: anajihisi mzito, mawazo hayamkai sawa, yuko kama mtu aliyeamka na mawenge. Kocha wa mtaani ataelewa, na mchezaji atajitambua.

Halafu usiishie kwenye kumuuliza anajihisije. Muulize: tuko uwanja gani? Hiki ni kipindi cha kwanza au cha pili? Nani amefunga bao la mwisho? Mechi iliyopita mlicheza na nani, na mlishinda? Jibu moja likikosewa, au likija kwa kuchelewa kuliko kawaida yake, atoke na asirudi siku hiyo, hata akisema amepona. Akitapika mara kwa mara, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, akipata degedege, kichwa kikizidi kuuma, au akiwa haamshiki vizuri, apelekwe hospitali papo hapo. Wakati huo asipewe pombe wala dawa yoyote inayoleta usingizi, Piriton ikiwemo, kwa sababu mawenge ya dawa yatafunika yale ya ubongo na daktari hatajua anatazama lipi.